Siku Tatu za Meya: Mgomo na Suala la Kusubiri katika Mstahiki Meya

Chukua daftari la mtahiniwa yeyote aliyeisoma tamthilia ya Mstahiki Meya darasani na hutakosa ukurasa wenye kichwa 'Maudhui: Migomo'. Chini ya kichwa hicho utakuta hoja tano au sita zilizopangwa wima kama askari gwarideni: mishahara duni, ukosefu wa dawa, mazingira mabaya ya kazi, viongozi wasiosikiliza, na kadhalika. Mwanafunzi huyo akiulizwa swali la insha kuhusu migomo atajizolea alama za kutosha, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mwulize swali moja dogo tu: mgomo huo ulimtikisa Meya kwa nini, ilhali maombi ya daktari hayakumtikisa? Atakodoa macho. Swali hilo halimo katika mwongozo alioukariri.

Makala haya yanalishughulikia swali hilo. Yanadai kwamba hatuwezi kuuelewa mgomo wa wafanyakazi wa Cheneo tukiutenga na jambo ambalo mwandishi analianzisha mapema kabla ya mtu yeyote kutamka neno mgomo. Jambo lenyewe ni kusubiri. Nani husubirishwa, kwa muda gani, na kwa faida ya nani? Ukiisoma tamthilia hii kwa macho hayo, utaona kwamba hospitali, ofisi ya Meya, wageni kutoka ng'ambo na wafanyakazi waliogoma ni sehemu za hoja moja.

Kwanza, muktadha kidogo. Timothy Arege aliichapisha tamthilia hii mwaka 2009. Wakati huo miji yetu ilikuwa ingali chini ya mabaraza na mameya, na mabaraza makubwa yalimiliki zahanati na hata hospitali. Hospitali ya kina mama wazazi ya Pumwani, kwa mfano, ilikuwa mikononi mwa Baraza la Jiji la Nairobi. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wa leo hushangaa: daktari anamwendea meya kumwomba dawa? Kwani meya ni waziri wa afya? Mwalimu usiposimama hapo ukaeleza, kijana ataidhania tamthilia yote kuwa ya kubuni mno. Kumbe daktari wa Cheneo anamwendea mwajiri wake halisi. Yaliyofuata ni kinaya cha historia ambacho mwandishi hangeweza kukipanga. Kitabu kilipoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2013, cheo cha meya kilikuwa kimefutwa kwa kuja kwa serikali za kaunti, na huduma za afya zikaanza kuhamishiwa kwa magavana. Mameya wakaondoka, mgomo ukabaki.

Tuingie sasa katika matini. Mwanzoni tunamkuta mama aliyemleta mtoto mgonjwa hospitalini. Mama hana pesa, hospitali haina dawa. Waridi anasimama kati ya mama huyo na huduma, akidai malipo kama kanuni zinavyotaka. Msomaji Mkenya aliyezaliwa kabla ya miaka ya tisini hahitaji kuelezwa. Sera ya kugawana gharama za matibabu iliingia katika hospitali zetu za umma mwaka 1989, na japo ilipunguzwa makali mwaka 2004, watu wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kuhesabu sarafu kabla ya kuhesabu mapigo ya moyo. Mwandishi anaijua hali hiyo. Ndiyo maana haanzi na maandamano wala hotuba. Anaanza na mtoto ambaye ugonjwa wake hautangoji.

Kisha Daktari Siki anakwenda kwa Meya Sosi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo penye moyo wa tamthilia, nasi hupapita haraka tukikimbilia onyesho la fimbo ya Meya. Siki anaeleza kuwa dawa hakuna. Meya anajibu kwamba dawa zitafika baada ya siku tatu. Jibu hili lina adabu zote za jibu la kiofisi. Halina matusi, halikanushi tatizo, hata linataja tarehe. Mwanafunzi mwepesi ataandika kwamba Meya ni mwongo na mwenye mapuuza, nasi tutampa alama. Lakini sikiliza jibu hilo kwa masikio ya Siki. Siku tatu ni muda gani? Kwa mtu anayesubiri shehena bandarini ni muda mfupi sana. Kwa mtoto anayeharisha na kutapika ni umri mzima. Meya anaipima siku kwa saa ya ofisi yake, na Siki anaipima kwa pumzi ya mgonjwa, na ndiyo sababu wawili hawa hawawezi kuelewana hata wakizungumza Kiswahili kimoja. Siki anaporudi kwenye hoja ya wagonjwa na hali yao kabla ya siku hizo kupita, wengi humsoma kama mtu anayerudia maneno. La. Anajaribu kumtoa Meya katika saa yake na kumwingiza katika saa ya wodini. Anashindwa, na kushindwa kwake kunaandaa njia ya mgomo.

Zingatia pia kwamba Meya huyu anayewaambia wenzake wavumilie siku tatu hana uvumilivu hata wa udogo wa mayai anayopakuliwa mezani. Mkewe hangojei foleni ya Cheneo. Amepelekwa ng'ambo kujifungulia huko. Wageni wanapotarajiwa, pesa za kuwakaribisha hazihitaji kusubiri. Ukiyaweka matukio haya pamoja unapata mfumo kamili: katika Cheneo, kutosubiri ndiyo alama ya cheo. Mtahiniwa akiandika hivyo, kisha akataja mayai, mke wa Meya na wageni kama ithibati, atakuwa ameunganisha hoja tatu ambazo miongozo huzitawanya chini ya 'tamaa', 'ubadhirifu' na 'kasumba ya kikoloni'.

Lugha yetu yenyewe ina ugomvi juu ya jambo hili, na mwalimu anaweza kulianzisha somo kwa ugomvi huo. Tunasema subira huvuta heri. Tunasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za wahenga walewale. Waulize wanafunzi: methali ipi husemwa na nani kwa nani? Aghalabu atakayeitumia ya kwanza ni yule ambaye tumbo lake limeshiba. Katika Cheneo, Meya ni mwana wa methali ya kwanza na wafanyakazi ni wana wa ya pili. Nimeona darasa lililokuwa limesinzia baada ya chakula cha mchana likiamka kwa swali hilo.

Sasa, mbele ya ahadi ya siku tatu, mhudumu wa afya afanye nini? Tamthilia inatoa njia tatu, na kila njia ina mhusika wake.

Njia ya kwanza ni ya Siki: kuomba, kueleza, kukumbusha, kurudi tena. Siki ana faida ambazo wafanyakazi wengine hawana. Anaweza kuingia kwa Meya, anaketi naye na kusema naye bila woga. Jina lake nalo halikuwekwa ovyo. Siki ni kitu kichungu, na ukweli anaouleta ni wa aina hiyo. (Sosi nayo ni kitu cha mezani! Sijui kama mwandishi alikusudia kuwakutanisha siki na sosi katika sahani moja, lakini wanafunzi hulifurahia jambo hili, na hakuna ubaya. Nao wakifika kwa Bili, mshauri wa Meya, watakuambia wenyewe bili ni kitu gani na hulipwa na nani.) Tatizo la njia ya Siki ni kwamba inategemea moyo wa anayeombwa. Ombi halina makali. Meya anaweza kulisikiliza, akalipokea kwa upole, kisha akaendelea na shughuli zake, naye asipoteze chochote.

Njia ya pili ni ya Waridi, ambaye hatimaye anaiacha kazi. Hapa nina ugomvi na namna tunavyofundisha usawiri wa wahusika. Katika madaftari mengi Waridi ni 'katili', basi, kwa sababu alimwekea mama masharti ya malipo. Sikatai kwamba tendo hilo linaumiza. Lakini tujiulize ni nani aliyemweka Waridi mlangoni na kumkabidhi kanuni azitekeleze, na kwamba aliyeziandika kanuni hizo haonekani mlangoni hata siku moja. Mfumo mbovu huwa na hila hii: humweka mfanyakazi wa chini awe sura yake. Mgonjwa akikosa dawa, humkasirikia muuguzi, kwa sababu muuguzi ndiye aliye mbele yake. Mtu anayeishi hivyo kwa muda mrefu ama hufa ganzi ama huondoka. Waridi anaanza kwa ganzi na kumalizia kwa kuondoka. Waridi ni ua lenye miiba. Anayelishika huchomwa, na anayelinyima maji hulikosa. Kuondoka kwake kunamwokoa yeye, lakini hakumpunguzii Meya usingizi. Kiti kitupu cha mhudumu wa afya humwumiza mgonjwa peke yake. Mwalimu anaweza kuihusisha hali hii na madaktari na wauguzi wetu wanaohamia hospitali za kibinafsi au nchi za nje, bila kuwaita wasaliti na bila kuwasifu.

Njia ya tatu ni ya Medi, Beka na Tatu, wawakilishi wa wafanyakazi: mgomo. Tukumbuke hapa kosa ambalo wasahihishaji hulikuta mara kwa mara. Mgomo si maandamano. Anayeandamana huenda mahali. Anayegoma hukataa kutenda. Na kuna mgomo baridi, ambapo mfanyakazi yuko kazini lakini kazi haiko. Nguvu ya mgomo iko katika kuondoa kitu ambacho mwajiri alikizoea hata akakisahau. Taka hazionekani zinapozolewa kila asubuhi, huonekana zinaporundikana. Wafanyakazi wa Cheneo wanakifanya kitu ambacho Siki hakuweza kukifanya kwa maneno. Wanamgeuza Meya kuwa mtu anayesubiri.

Na hapa tunafikia swali letu la mwanzo. Mgomo huu unamtikisa Meya kwa sababu una saa mkononi, na saa hiyo ni wageni. Meya, ambaye ana siku tatu za kumpa kila mwombaji, sasa yeye mwenyewe ana siku chache kabla ya wageni kufika na kuuona mji ukinuka. Anatumia zana zake zote alizozizoea, ahadi, vitisho na askari, lakini zote zinahitaji muda, na muda ndio alioishiwa. Kinaya kilichoje! Dawa zilikuwa na siku tatu. Usafi wa njia watakayopita wageni hauna hata moja. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu kinaya katika tamthilia hii asikose kuutaja mgeuko huu, kwa maana una kina kuliko vile vinaya vya sentensi mojamoja tunavyovikusanya.

Ili kuona upekee wa jambo hili, uilinganishe Mstahiki Meya na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyochapishwa mwaka 1981. Huko nako kuna wafanyakazi waliochoka, kuna mwajiri dhalimu Delamon, na kuna kiongozi shupavu, Lanina, ambaye kwa kuwa mwanamke anapigana vita viwili kwa mpigo. Lakini shamba ni shamba. Wafanyakazi wa Delamon wakigoma, kinachoharibika ni mali ya Delamon. Shoka linaangukia mti uliokusudiwa. Mfanyakazi wa afya hana bahati hiyo. Akiweka chini vifaa vyake, mwajiri haumwi popote. Anayeumwa ni yuleyule mama wa onyesho la kwanza, na mtoto wake mgongoni. Swali la haki likiwa jepesi katika shamba, linakuwa zito hospitalini.

Je, Arege analikabili swali hili zito? Nasema, kwa heshima zote, nusu tu. Siki analikabili, kwa kuwa dhamiri yake haimwachi. Lakini mgomo wa Cheneo umepanuliwa ukawa wa wafanyakazi wa baraza kwa jumla, na kadiri unavyopamba moto ndivyo macho yetu yanavyoelekezwa kwa Meya na watu wake na kuondolewa wodini. Tunaona taka, tunasikia makelele ya nje, tunashuhudia hofu ya wakubwa. Mama na mtoto wake waliotufungulia pazia hawaupati tena uzito waliokuwa nao. Kisanaa, uamuzi huu unaeleweka: tamthilia inataka kumwangusha Meya, na taka zinamwangusha vizuri zaidi kuliko vifo, kwa sababu mtazamaji anaweza kuzishangilia taka. Hawezi kuvishangilia vifo. Wageni nao wanamsaidia mwandishi kukwepa. Wao ndio saa ya mgomo, hivyo mgonjwa hahitajiki kuwa saa.

Nje ya jukwaa, mara nyingi hakuna wageni. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma, na hawakurudi kazini hadi tarehe 14 Machi 2017, siku 100 baadaye. Walichokidai kilikuwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 na ambao haukuwa umetekelezwa. Mwezi Februari 2017 viongozi saba wa chama chao, KMPDU, walifungwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama, wakaachiliwa na Mahakama ya Rufaa baada ya siku chache. Mwezi Juni mwaka uohuo wauguzi nao wakagoma, wakakaa nje kwa takribani miezi 5 hadi mwanzoni mwa Novemba. Fikiria basi mtahiniwa wa mwaka 2017, kundi la mwisho kutahiniwa katika Mstahiki Meya. Huenda alikuwa akikariri 'athari za mgomo' usiku, na asubuhi akimsindikiza nyanyake kutoka hospitali iliyofungwa. Mwaka 2024 yakajirudia: kuanzia katikati ya mwezi Machi hadi tarehe 8 Mei, siku 56, madaktari wakidai pamoja na mengine kwamba madaktari wanagenzi walipwe takribani shilingi 206,000 kwa mwezi zilizokubaliwa mwaka 2017, badala ya shilingi 70,000 ambazo serikali ilikuwa tayari kutoa. Mwaka 2025 madaktari wa kaunti ya Kiambu waligoma kwa takribani siku 150.

Utaona, msomaji, kwamba kila mgomo kati ya hii miwili mikubwa ya madaktari ulizaliwa na saini ya nyuma yake. Mwaka 2013 ukauzaa mwaka 2016, mwaka 2017 ukauzaa mwaka 2024. Hii ndiyo 'siku tatu' ya Meya Sosi katika mizani ya taifa: ahadi yenye tarehe, tarehe isiyofika. Sisi walimu hatuhitaji kuhadithiwa. Nyongeza tuliyoahidiwa baada ya mgomo wa mwaka 1997 ndiyo iliyoturudisha nje mwaka 2002. Kwa hivyo mwanafunzi anapoandika kwamba wafanyakazi hugoma kwa sababu ya 'mishahara duni', mwulize afafanue. Mshahara duni peke yake watu huuvumilia miaka na mikaka. Kinachowatoa nje mara nyingi ni mshahara ulioahidiwa kisha ukanyimwa. Tofauti hii inaonekana wazi Cheneo, na mtahiniwa akiieleza atakuwa amekwenda mbali kuliko orodha ya hoja.

Lakini katika siku zile 100 saa ilikuwa nani? Hakukuwa na wageni wa kuabisha mtu. Saa ilikuwa mgonjwa. Aliyekuwa na pesa alikwenda hospitali ya kibinafsi, na wakubwa wetu wengi walikuwa wakienda huko hata kabla ya mgomo. Asiyekuwa na pesa alirudi nyumbani. Mgomo wa afya humfikia mwenye mamlaka kupitia mwili wa mtu asiye na mamlaka, na humfikia kwa kuchelewa sana. Mstahiki Meya inatuonyesha mgomo ukimpata mwenyewe moja kwa moja. Hilo ni tamanio zuri, na fasihi ina haki ya kutamani, ila mwalimu asiache darasa liamini kwamba ndivyo inavyokuwa.

Kuhusu hili, tuwe waangalifu na methali ambayo watahiniwa huitumia kama chumvi: wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Huiandika kila wanapokutana na mgomo. Nyasi ni wagonjwa, sawa. Fahali wa kwanza ni serikali, sawa. Fahali wa pili ni nani? Je, Waridi ni fahali? Je, Tatu, anayesimama mbele ya Meya akiwa na hoja zake tu mkononi, ni fahali? Methali hiyo inawasawazisha wasiolingana, na inamfanya mtazamaji ajione mwema kwa kuwalaumu wote wawili. Mtahiniwa akitaka kuitumia, na aeleze pale inapopwaya. Msahihishaji mzuri atamthamini zaidi.

Sheria zetu nazo zimebeba mvutano huohuo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inadai ilani ya siku 7 kabla ya mgomo, na inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu ambazo migomo yake imewekewa mipaka. Katiba ya mwaka 2010, iliyokuja mwaka mmoja baada ya tamthilia, ikampa kila mfanyakazi haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha huduma za afya. Haki zote mbili ni za kweli. Wanaoisoma katiba kwa pupa huona kwamba zinagongana, daktari upande mmoja na mgonjwa upande wa pili. Siki angewaambia kwamba zimevunjwa na mkono mmoja: hospitali isiyo na dawa imemnyima mgonjwa haki yake kabla daktari hajagoma, hata siku ambazo madaktari wote wako kazini. Hoja hii ni ngumu kwa kidato cha tatu, lakini nimeona ikieleweka ikisomwa pamoja na onyesho la kwanza, ambapo wahudumu wapo, mlango uko wazi, na bado mtoto hapati tiba.

Neno moja kuhusu mwisho wa tamthilia. Meya anatiwa nguvuni, nasi tunapumua. Wanafunzi hupenda mwisho huu, na swali la 'haki hutendeka' hujibiwa kwa furaha. Mimi huona kwamba umekuja kwa urahisi kidogo. Kukamatwa kwa Sosi hakuleti sanduku hata moja la dawa. Fimbo ya dhahabu ambayo yeye na Bili waliipangia njama haitibu mtu, iwe imeuzwa au imerudishwa. Diwani wa Tatu, sauti ya busara barazani, alilijua hili: tatizo lilikuwa katika maamuzi ya kila siku ya bajeti, na maamuzi hayafungwi pingu. Kwa nini tusiwaachie wanafunzi kazi ya kuandika onyesho moja la ziada, asubuhi ya siku ya pili baada ya kukamatwa kwa Meya, Siki akiwa kazini na foleni ikiwa mlangoni? Zoezi hilo hufichua mengi kuliko maswali kumi ya dondoo.

Yamkini unajiuliza, mwalimu, kwa nini tuhangaike na kitabu ambacho kilitoka katika orodha mwaka 2017 na kuipisha Kigogo. Sababu iko mikononi mwako. Bembea ya Maisha, tamthilia iliyoanza kutahiniwa mwaka 2023, ni ya mwandishi huyuhuyu, na imejengwa juu ya mtu mgonjwa. Sara anaumwa, na anayembeba ni bintiye Neema: nauli, mjini, hospitali, gharama. Tunapoifundisha tunazungumzia ndoa, mila, malezi na nafasi ya mtoto wa kike, na tuko sahihi. Lakini mtu aliyetoka kuisoma Mstahiki Meya ataona pengo. Mwaka 2009 mgonjwa wa Arege alibisha hodi kwa umma, na ukosefu wa dawa ukawa kesi ya mji mzima, wafanyakazi wakaacha kazi, baraza likatikisika. Katika Bembea ya Maisha gharama za matibabu zimekuwa suala la familia, zikizua maneno kati ya mke na mume na kati ya wakwe. Hakuna anayemwendea mkubwa yeyote kudai dawa. Je, mwandishi amebadili nia, au jamii ndiyo iliyokata tamaa na hospitali ya umma hata haitarajii chochote kutoka kwake? Sidai kuwa jibu ni moja.

Mtahiniwa anaweza kulitumia swali hilo anapojadili maudhui ya ugonjwa au uwajibikaji katika Bembea ya Maisha, bila kutaja Mstahiki Meya hata mara moja, kwa kuuliza tu ni nani asiyeonekana jukwaani Sara anapougua. Darasa lisilowahi kuiona tamthilia ile ya kwanza halitapoteza kitu ukitenga kipindi kimoja cha dakika 40, ukawapa wanafunzi wanne nafasi za Mama, Waridi, Siki na Meya, wakasoma kwa sauti onyesho la hospitali na lile la siku tatu, kabla hamjaingia katika ugonjwa wa Sara.